Mwalimu Aliyeng'aa Mpaka Asionekane

Kulikuwa na nchi, na nchi yenyewe ni mbali sana na hapa. Mtu akiona inafanana na kwao ajue ni macho yake tu, akanawe.

Katika nchi hiyo watoto wa sekondari walifeli mtihani. Walifeli kwa umoja, kama watu waliokubaliana. Mwaka wa kwanza serikali ikasema ni bahati mbaya. Mwaka wa pili ikasema ni mvua. Mwaka wa tatu Mheshimiwa Waziri wa Elimu akapanda jukwaani mwenyewe, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hapo wananchi wakajua leo kuna neno.

"Ndugu wananchi," akasema, "tatizo tumeligundua. Walimu wetu wamekaa kazini mpaka wameota kutu. Naagiza walimu wote wa sekondari, nchi nzima, wapigwe msasa!"

Makofi yakapigwa mpaka turubai likatikisika. Sasa, kila mtu anajua kwamba mwalimu akipigwa msasa maana yake anakumbushwa kazi, anaongezewa ujuzi, anarudi darasani na kitu kipya kichwani. Hata bibi asiyejua kusoma anajua. Lakini nyuma ya Waziri alikuwa ameketi Bwana Manunuzi Mkuu, na kazi ya Bwana Manunuzi Mkuu haikuwa kujua maana, kazi yake ilikuwa kununua. Juma halijaisha, malori yakaanza kushusha msasa. Msasa ule ule wa seremala, mabunda kwa mabunda, wa chenga nene na wa chenga laini, mpaka mafundi wakaukosa madukani wakarudia kusugua vitanda kwa majani ya porini kama babu zao.

Waziri alipopelekwa kuona ghala, akanyamaza kidogo. Wasaidizi nao wakanyamaza, maana kunyamaza kwa mkubwa hakuachwi peke yake. Katika nchi ile mkubwa hakosei. Jambo likienda kombo, kosa ni la jambo.

"Vizuri," akasema Waziri. "Ndivyo nilivyokusudia."

Basi ikawa ndivyo.

*

Huko milimani, mahali ambapo barabara hufika ikiwa imechoka, palikuwa na Shule ya Sekondari Nyakidoto, na hapo alifundisha mwanamke mmoja aliyeitwa Mwalimu Sikudhani. Alifundisha kemia. Kabla yake shule haikuwahi kuona mwalimu wa kemia, ilikuwa ikimsikia kwenye redio tu.

Na sheria ya nchi ile ilikuwa hivi: kidato cha nne kisicho na mwalimu wa sayansi hakifanyi mtihani. Kinageuzwa kwaya ya mapokezi. Watoto wanashonewa sare, wanafundishwa wimbo mmoja wenye "karibuni" na "twashukuru", wanapangwa kando ya barabara kungojea wageni wa serikali. Walioanza kuimba zamani hizo wapo mpaka leo. Wavulana wa sauti nyembamba wamekuwa wa besi, wana ndevu, wana wajukuu, na wakisikia honi ya gari kubwa wanatupa jembe na kuanza kupunga mikono.

Kwa hiyo Sikudhani alipoingia darasani asubuhi na kuwatazama watoto wake wa kidato cha nne, aliwaona wakiwa wawili wawili: huyu aliyeketi hapa na kalamu, na yule wa barabarani, mwenye mvi, anayeimba. Aliyemtia hofu zaidi ni Nambua, binti wa muuza maandazi wa getini. Mtoto ana mdomo kama mkasi mpya, na akili yake ilikuwa inakwenda mbele ya mdomo. Kumpoteza mtoto kama yule barabarani ni kumwaga unga uliokwisha kuchekechwa.

"Madamu," Nambua alimwambia siku moja, "mama yangu aliimba. Mama mdogo aliimba. Mimi sauti sina. Nikikosa mtihani, hata kwaya hawanitaki."

"Utafanya mtihani," Sikudhani akamjibu.

Neno likishatoka ni deni. Na mtihani ulikuwa umebakiza majuma machache.

*

Barua ya semina ikaja. Walimu wakakusanywa ukumbini wilayani, wakavishwa fulana, wakapewa mkoba, na ndani ya mkoba kila mtu kipande cha msasa. Mwezeshaji, kijana mwenye tai iliyofika magotini, akasimama.

"Washiriki, hii ni programu ya kisasa. Ina nguzo tatu: Ng'aa, Ng'aza, Ng'arisha. Kuna swali kabla sijaanza?"

Sikudhani akanyoosha mkono. "Sisi shuleni hatuna maabara. Tutaonyeshwa jinsi ya kufanya majaribio kwa vitu vya nyumbani?"

"Swali zuri sana! Tuliegeshe." Akaandika swali kwenye karatasi kubwa ukutani iliyoitwa Maegesho ya Maswali. Hadi jioni maegesho yalijaa, na hakuna swali hata moja lililotoka pale likiwa linaendeshwa.

Baada ya chai wakaambiwa washike msasa. Wakatazamana. Mwalimu mmoja wa jiografia, mtu mzima, mtiifu, mwenye upara, akaanza kujisugua kichwani taratibu, na machozi yakimtoka akasema ni maumivu ya kujifunza. Wengine wakasugua kucha. Sikudhani akakikunja kipande chake, akakirudisha mkobani. Alikuwa amekifikiria kitu kingine kabisa. Kabatini Nyakidoto alikuwa na utepe mdogo wa magnesiamu, zawadi ya mwalimu wake wa chuo, madini yale yanayowaka mwanga mweupe kama jua la kuibiwa. Lakini utepe ulikuwa umekaa miaka, umefubaa, umevaa koti la majivu, na ukiwa hivyo hauwaki. Sharti usuguliwe kwanza. Usuguliwe kwa nini? Kwa msasa.

"Haya," akajisemea, "angalau hili."

Jioni Mwezeshaji akauliza, "Nani hakufurahi?" Mlangoni alikuwa amesimama askari. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ikaandikwa kwamba mafunzo yamefaulu kabisa.

*

Ingeishia hapo kungekuwa na nafuu. Lakini serikali ya nchi ile haikuwa ya kufanya jambo bila kulitathmini. Walimu wamepigwa msasa. Kitu kikipigwa msasa hufanyaje? Hung'aa. Basi ikaundwa Tume ya Kupima Mng'aro, mwenyekiti Mheshimiwa Dakta Makeke, ambaye alikuwa na shahada kuhusu shahada nyingine.

Mkuu wa shule ya Nyakidoto, Mwalimu Sembuli, akawaita walimu wake ofisini akawasomea maagizo kwa furaha.

"Sikilizeni. Tume inapita shule kwa shule. Mwalimu atakayeng'aa anahamishiwa makao makuu, Jengo la Vioo. Hafundishi tena, maana chaki itamchafua. Asiyeng'aa anapelekwa Kambi ya Msasa Mkavu, ule wa chenga nene, mpaka ang'ae."

"Na wa katikati, Mkuu?" akauliza Sikudhani.

"Katikati hakuna."

"Basi darasani atabaki nani?"

Sembuli akamtazama kama mtu aliyeulizwa mbuzi wake anasali wapi. "Mwalimu Sikudhani, hebu usilete mambo ya darasani kwenye mambo ya elimu. Nunueni mafuta. Mjipake. Nataka shule yangu iwe kama sufuria ya harusi."

"Mkuu, kidato cha nne—"

"Kidato cha nne wana sauti nzuri," akasema Sembuli. "Nimeshawasikia."

Sikudhani akatoka nje. Aking'aa, anapelekwa Jengo la Vioo, watoto wanakwenda barabarani. Asipong'aa, anapelekwa Kambini, watoto wanakwenda barabarani. Ni kama kuulizwa uchague sikio la kukatwa huku kisu kimeshawekwa shingoni.

Mafuta yakaanza kuadimika. Ya nazi yakaisha, ya alizeti yakaisha, ya mgando yakafichwa chini ya kaunta. Walimu wakapishana njiani wakinuka kama kikaango. Getini, Mama Nambua alikuwa ameketi mbele ya karai kavu.

"Karibu, mwalimu wangu. Leo andazi hakuna. Mafuta yangu yako usoni kwa mwalimu wa kilimo. Akipita hapa natamani nimtumbukizie donge moja shavuni liive."

Sikudhani akacheka kidogo tu. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Mama Nambua akamtazama, akaacha mzaha.

"Nimetoka kijiji cha Mtakuja jana kutafuta mafuta," akasema kwa sauti ya chini. "Tume imepita pale. Hawakuacha mwalimu. Watoto nimewakuta barabarani, wanafundishwa kupunga."

"Hakuna hata mmoja aliyebaki?"

"Mmoja. Lakini huyo si kubaki." Mama Nambua akasogeza karai. "Mwalimu wa hesabu alikuwa msalani Tume ilipofika. Hawakumwona. Unawajua wenyewe, wasiyemwona wanamwandika hewa. Mwalimu hewa, yumo kwenye daftari lakini hayupo duniani. Akatoka msalani akawasalimia, wakakataa kuitikia! Wakasema serikali haisalimiani na hewa. Wakapita pembeni yake wakaondoka. Hawawezi kumhamisha, wala kumpeleka Kambini. Utamfunga vipi hewa kamba?"

Sikudhani akainua kichwa. "Yuko darasani?"

"Angekuwapo. Alitoroka kwa aibu, mwanaume yule. Lakini wewe usije ukajificha. Kijiji cha pili mmoja alijificha darini, wakamkuta. Wanasema aliyejificha ameonekana mara mbili, kwa hiyo wanamsugua mara mbili. Wanafunga milango sasa. Lazima usimame mbele yao."

"Nisimame mbele yao," akarudia Sikudhani polepole, "na wasinione."

"Aa, hicho si kitendawili, mwalimu wangu, hicho ni kifo. Nenda kale chochote."

Lakini Sikudhani alikuwa ameshasimama. "Wanapimaje, Mama Nambua? Uliwaona?"

"Wana bomba refu, wanachungulia. Na wanaziba madirisha yote kwa mablanketi. Zamani walipimia juani, wakakuta walimu wa michezo wanang'aa kwa jasho, wakasema ni udanganyifu. Sasa wanapimia gizani. Giza totoro, mchana kweupe!"

Usiku ule majirani walisikia kitu kikisuguliwa nyumbani kwa Sikudhani, kwaru, kwaru, kwaru. Wakasikitika. Wakasema maskini mwalimu, naye ameanza kujisugua.

*

Tume ikaja asubuhi, magari meusi yakifuatana kama siafu. Barabarani wazee wa kwaya wakatupa majembe wakaimba. Milango ya shule ikafungwa kwa nje, askari mmoja kila mlango.

Wakaanza na Mkuu wa shule. Sembuli alikuwa amejimiminia mafuta ya walimu wote aliowanyang'anya. Ofisi ikafungwa, tochi ya Katibu wa Tume ikawashwa kidogo tu, na Sembuli akametameta kama mfuniko wa sufuria mpya.

"Anang'aa!" ikasikika sauti ya Dakta Makeke. "Jengo la Vioo!"

Askari wakambeba kumpeleka garini. Akawaponyoka mara kadhaa mikononi kama kambare, huku akilia kwa furaha na kuwaaga watu asiowajua.

Kisha ikaja zamu ya chumba cha pili, ambako alifundisha mwalimu wa historia, mzee mkavu, mwenye ngozi ya vumbi na moyo wa dhahabu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kidato cha nne wakasikia kila neno.

"Huyu hang'ai hata kidogo."

"Nimefundisha miaka thelathini, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana. Msasa Mkavu!"

Wakasikia viatu vya mzee vikikokotwa korido nzima. Kisha viatu vingine, vizuri, vyenye kisigino, vikija upande wao.

Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya ubao. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa sketi. Watoto walikuwa wamekaa wima kama kuni zilizopangwa.

"Mnakumbuka somo la juzi?" akauliza, kisha akarudia. "Mnakumbuka?"

"Tunakumbuka, madamu."

"Kanuni ya kwanza ni ipi?"

Kitasa kikazunguka kabla hawajajibu.

Dakta Makeke akaingia, nyuma yake Katibu, mtu mwembamba aliyeinama hata akiwa amesimama, amebeba lile bomba. Lilikuwa la shaba, lina kioo kikubwa mbele na matundu mawili ya kuchungulia nyuma. Huko lilikotengenezwa walilitumia kutazamia nyota.

"Shikamooni, waheshimiwa," darasa likasimama.

"Marahaba. Zibeni madirisha."

Askari wakatundika mablanketi ya bweni. Mwanga ukapungua, ukapungua, ukabaki uzi mmoja chini ya mlango. Dakta Makeke akauziba kwa koti.

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema gizani, "nilikuwa katikati ya somo. Naomba nimalizie, mwone watoto walivyo—"

"Mwalimu, hatukuja kutazama kufundisha. Tumekuja kutathmini mafunzo ya walimu. Usichanganye mambo mawili tofauti."

"Na wanafunzi hamtawauliza?"

"Wanafunzi?" Dakta Makeke akashangaa kweli kweli. "Wanahusikaje? Katibu, tochi."

Tochi ikamwangukia Sikudhani usoni. Hakuwa amejipaka kitu. Lakini hofu ilikuwa imemtoa jasho, nalo likameremeta kwenye paji la uso, hapa kidogo, pale hakuna. Dakta Makeke akachungulia. Akazungusha bomba. Akachungulia tena.

"Anang'aa... hapana. Hang'ai. Hapa anang'aa. Katibu, wewe waonaje?"

"Naona unavyoona, Mheshimiwa."

"Sijaona bado!"

"Hata mimi sijaona bado, Mheshimiwa."

Dakta Makeke akaanza kupumua kwa hasira. "Katikati hakuna! Sheria haina katikati! Ni hii tochi inayotuchanganya. Izime. Mwalimu, serikali imegharamia kukupiga msasa. Sasa hebu ng'aa mwenyewe!"

Tochi ikazimika. Giza likawa zito, mtu angeweza kulikata kwa kisu akalipanga sahani.

"Ning'ae, Mheshimiwa?"

"Kwa kadiri ya uwezo wako wote. Taifa linakutazama." Na kweli wakasikika wakibandika macho kwenye bomba, Dakta Makeke tundu la kulia, Katibu tundu la kushoto.

Sikudhani akatoa mkono mfukoni. Kiberiti kilikuwa na njiti tatu, na hewa ya milimani ni ya unyevu. Akapiga ya kwanza. Ikakwaruza, ikavunjika.

"Nini hicho?" akauliza Dakta Makeke.

"Najiandaa, Mheshimiwa."

Akapiga ya pili. Ikashika, ikatoa jicho jekundu, ikafa. Hapo akili ikamwambia: ni hiyo moja, Sikudhani, ni hiyo moja tu, la sivyo ni barabara. Akaifuta ya tatu kwenye nywele zake ili ikauke. Akapiga.

Ikawaka.

Akaisogeza kwenye ncha ya utepe. Utepe haukushika. Moto wa njiti ukaanza kumlamba kidole. Akavumilia. Haukushika. Na hapo, kutoka dawati la mbele, ikatoka sauti ya mkasi:

"Kidato cha nne! Kanuni ya kwanza!"

"Macho chini!" wakajibu wote, na vichwa vyote vikalala juu ya madawati kwa mkupuo mmoja, pu!

"Heshima nzuri," akanong'ona Dakta Makeke, jicho lake likiwa bado kwenye bomba.

Utepe ukashika.

Mwanga ule ulikuwa mweupe usio na mfano. Ulijaza darasa mpaka kwenye pembe zenye buibui, ukapita kwenye nyuzi za mablanketi, ukatoka nje, na inasemekana jogoo wa jirani aliwika wakati ambao si wake. Kwenye bomba la shaba uliingia kioo cha mbele ukatokea matundu ya nyuma ukiwa umekuzwa kama nyota iliyokuja nyumbani kwa mtu.

Kisha ukazimika. Askari wakaambiwa wafungue madirisha. Jua likaingia. Sikudhani alikuwa amesimama pale pale, mbele ya ubao, hatua moja kutoka pua ya Mheshimiwa, na majivu meupe kwenye vidole.

Dakta Makeke akapepesa macho. Akapepesa tena. Mbele yake palikuwa na doa moja kubwa la kijani linaloelea. Akalitazama doa kwa heshima.

"Katibu," akasema taratibu, "unamwona mwalimu?"

Katibu naye alikuwa na doa lake, la zambarau. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuona kabla ya mkubwa wake. "Wewe wamwona, Mheshimiwa?"

"Nimekuuliza wewe."

"Naona... naona uongozi wako, Mheshimiwa."

Nambua alikuwa ameinua kichwa, mdomo ameuziba kwa mkono. Mtu mwingine angesema: macho yangu yameumia. Lakini Dakta Makeke alikuwa mkubwa, na mkubwa hakosei. Jicho lake likishindwa kukiona kitu, kosa ni la kitu.

"Hayupo," akasema. "Humu hakuna mwalimu. Andika hewa."

"Lakini mng'aro ulikuwepo, Mheshimiwa. Niliuona. Yaani, tuliuona."

"Mng'aro upo. Mwalimu hayupo." Dakta Makeke akasimama wima, akaanza kupendezwa na maneno yake mwenyewe. "Waona, Katibu? Huku ndiko msasa unakotakiwa kufika. Wengine wamesuguliwa mpaka wakang'aa. Huyu amesuguliwa mpaka akaisha, ukabaki mng'aro mtupu. Andika hivyo! Na darasa lenye mng'aro lisiguswe, liandikishwe mtihani."

Sikudhani akashindwa kujizuia. "Asante, Mheshimiwa."

"Nani kasema?"

Darasa likatazamana. Nambua akasimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Ni hewa, Mheshimiwa. Huku milimani inavuma sana."

Dakta Makeke akatikisa kichwa, akanyoosha mikono mbele, na Katibu akamshika bega, na wale wawili wakaongozana kutoka, mmoja akifuata doa la kijani na mwingine la zambarau, mpaka garini.

*

Watu wasidhani kuwa hewa ni jambo jepesi. Mshahara wa Sikudhani ulikoma mwezi ule ule. Alipougua homa akaenda zahanati, mganga akamtazama usoni, akamtazama kwenye daftari, akasema pole zake anazitoa kwa mtu yeyote anayeweza kuwa amesimama pale, akaita anayefuata. Alipopiga kelele ofisi ya elimu, wakafunga dirisha, wakasema upepo umeanza. Akarudi nyumbani akalia, na hata kulia kwenyewe akawa anajiuliza kama kunahesabiwa.

Asubuhi akakuta mlangoni sahani ya maandazi imefunikwa kanga. Kesho yake mtama. Keshokutwa kuku, amefungwa miguu, hana habari. Mama Nambua alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na aliyemuuliza kwa nini wamlishe mtu ambaye serikali inasema ni hewa, alimjibu:

"Wewe baba, ziba pua na mdomo, kisha uniambie hewa haina kazi."

Mwalimu Sembuli akawekwa kwenye Jengo la Vioo, dirisha la tatu, akifutwa vumbi asubuhi na jioni. Mzee wa historia hajarudi kutoka Kambini mpaka leo hadithi hii inasimuliwa. Na kidato cha nne cha Nyakidoto wakafanya mtihani. Wakafaulu kemia, wote, Nambua akaongoza, na nchi nzima ikashtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Waziri akapanda jukwaani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndugu wananchi! Shule moja tu imefaulu. Nimeuliza walifundishwa na nani, wataalamu wangu wamenijibu: walifundishwa na hewa. Kwa hiyo naagiza kila shule ya sekondari, nchi nzima, ipelekewe hewa!"

Nyuma yake Bwana Manunuzi Mkuu alikuwa ameshaandika.

Lori likapanda milima mpaka Nyakidoto, limebeba mitungi. Dereva akashuka, akanyoosha kiuno, akamkuta Mama Nambua getini na karai linalochemka.

"Mama, nimeleta hewa ya serikali. Nani anapokea hapa?"

"Yuko darasani, baba. Anafundisha kidato kipya."

Dereva akaenda akachungulia dirishani. Mbele ya ubao mwanamke alikuwa akisugua utepe wake uliobaki kwa kipande kidogo cha msasa, kilichochakaa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Dereva akamwona vizuri sana. Kisha akakumbuka kuwa ana watoto wa kulisha, na kazi anayoitaka, akarudi getini akitazama chini.

"Hamna mtu mle," akasema.

"Hamna," akasema Mama Nambua. "Kula andazi."

Dereva akala. Akatafuna polepole, akiwa amegeuza uso upande wa barabara ambako wazee wa kwaya walikuwa wakiliimbia lori lake. Alipomaliza akajifuta mikono, akashusha mtungi mmoja, akafungua koki, nao ukalia psssss mpaka ukaisha.

"Haya, mmepokea," akasema. Kisha akainama karibu na sikio la muuza maandazi. "Mama. Mwanangu yuko Mtakuja, anapunga mikono. Huyo... hewa yenu. Anaweza kuvuma mpaka kule?"

Mama Nambua akageuza andazi kwenye karai. Kutoka darasani ikasikika sauti ya watoto wengi kwa mkupuo mmoja, na vichwa vikilala juu ya madawati, pu.

"Mlete hapa," akasema. "Mlete kesho asubuhi. Umwambie akiingia, kanuni ya kwanza ni macho chini."